Geti la Mzee Kufuli

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku tuko wazima, joto ndilo limetushinda. Shemeji yako kikohozi kimemwachia, sasa anakoroma tu kama zamani. Mpwa wako ameanza masomo ya uuguzi na tayari anatuambia kila kitu tunachokula kinatuua. Wifi yangu hajambo? Na pacha? Waambie shangazi yao hajawasahau, ni kazi tu.

Utashangaa kuona bahasha badala ya simu. Lakini baada ya mazishi ya Baba tulikubaliana mambo ya nyumba tuandikiane, maana kwenye simu tunakatana maneno, kisha mmoja anakata simu yenyewe. Na mkataji ni wewe, sijasahau.

Jambo ni hili. Kamati ya ardhi huku imeletewa pendekezo la sheria. Linasema njia yoyote inayopita ndani ya kiwanja cha mtu, ikitumiwa na watu miaka saba mfululizo bila kufungwa hata siku moja, inakuwa ya umma. Halmashauri itaweza kuipanua bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Aliyelileta ni diwani wa huko kwetu, yule mnayemwita Kipaza, na mfano anaoupeleka kila mahali ni uchochoro unaopita uani kwetu, kutoka mtaa wa soko hadi zahanati. Chama chetu cha wenye viwanja kimenipa kazi ya kulipinga mbele ya kamati mwezi wa tano.

Nilipolisoma nilicheka peke yangu ofisini. Unakumbuka Baba na siku yake moja? Mwaka mzima dunia nzima inapita kwetu na mizigo, baiskeli na watoto mgongoni, halafu siku hiyo moja anafunga mageti yote mawili kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama. Yeye anakaa la mbele na gazeti, mimi ananipa kigoda nikae la nyuma. Wewe ulikuwa unajificha chini ya benchi la randa kwa aibu, kwa sababu shuleni walituita watoto wa Mzee Kufuli. Nilidhani ni ukorofi tu. Sasa nimejua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anasema ni kwake, na kwamba watu wanapita kwa ridhaa yake.

Kila mwaka aliandika tarehe nyuma ya geti la mbele kwa penseli ya useremala. Zinakili zote, na zako baada yake, uniletee. Hizo ndizo silaha yangu.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Barua imefika, ila posta waliilalia siku kumi. Wifi yako anakusalimu, anasema ukija usije na ushauri wa lishe wa huyo binti yako, tunaye daktari wetu. Kulwa kang'oka jino, Doto analia kwa sababu lake halijang'oka. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena pale pale nilipoziba mwaka jana, kwa hiyo fundi aliyeziba nimemfukuza, na fundi huyo ni mimi.

Kazi ipo. Nina oda ya madawati ya shule, ninapiga randa mpaka mabega yanakataa kuinuka.

Juzi walikuja watu wawili wa halmashauri na utepe wa kupimia. Hawakusema hata hodi. Walipima uchochoro, wakaingia karakana, wakachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa kulia, juu kidogo ya benchi la Baba. Nikawauliza ni nini. Mmoja akanijibu kwamba njia itakuwa mita nne, kwa hiyo ukuta ule utasogea. Nikamwambia ukuta hausogei, unavunjwa. Akaandika kitu kwenye daftari lake wakaondoka. Dada, ukuta huo ukienda, karakana imekwenda. Kitakachobaki kinatosha kuuzia vijiti vya meno.

Lile geti la mbele nililipaka rangi ya kijani, limependeza, watu wanalisifia. Mambo ya tarehe usiwe na wasiwasi.

Ila nikuulize. Hatuwezi kuupinga huo msalaba bila kuanza kusemana na watu wanaopita? Hao ni majirani zangu. Mimi ndiye ninayeishi nao.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mpe Doto pole, mwambie litang'oka tu.

Umeniandikia mistari sita ya jino na paa, na mstari mmoja wa tarehe ambao hauna hata tarehe moja. Rangi inakwanguliwa. Chukua msasa ukwangue.

Unisamehe ukali, nimechoka. Wiki iliyopita niliitwa redioni kujadili hili pendekezo. Mtangazaji alianza kwa kuniuliza kwa nini napenda kuta kuliko watu. Kabla sijajibu akamkaribisha mama mmoja mwenye mtoto asiyetembea, anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupitia kiwanja cha mtu kila siku. Yule mama hakusema uongo hata neno moja, na mimi nilikuwa upande wake kuliko alivyojua. Mwenye kiwanja kile alimfungulia njia kwa hiari yake. Nilijaribu kueleza kwamba sheria hii inamwadhibu huyo huyo aliyefungua. Inamwambia: umekosea kuwa mwema, ungejenga ukuta tangu siku ya kwanza ungekuwa salama. Ikipita, kila mwenye akili atafunga kesho yake, na mama yule atazunguka na kiti chake barabara kuu, kwenye malori. Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo wakaweka tangazo la sabuni.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi nasema kitu cha mtu ni chake, mtu anasikia nasema maskini asipite. Nikitaja haki ya mwenye kiwanja wananiangalia kama nina majumba kumi, na mimi mwenyewe napanga. Ofisini tuko watu watatu na feni moja.

Lakini Baba akisimama mbele yao, watanyamaza. Seremala aliyewapitisha watu kwake siku zote za mwaka, akabakiza moja tu ya kukumbusha. Naomba tarehe.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Usinune kwa kuchelewa. Mvua haijakatika wiki tatu, mbao zote zimevimba, viungo vya madawati vinakataa kuingiliana. Sisi wazima. Jino la Doto limetoka, nyumba imetulia.

Kukwangua rangi kwenye mvua hii sitaweza, mbao itaharibika. Lakini tarehe unaijua mwenyewe, ni ile ile kila mwaka, 11 Juni, siku aliyopewa Baba hati ya kiwanja. Mzee hakuruka hata mwaka mmoja. Nakuapia.

Huku mambo yamechafuka kidogo. Kipaza amepitisha karatasi watu waweke sahihi kuunga mkono njia ipanuliwe. Iko kwa kinyozi, imefungwa kwa uzi kwenye kioo. Nilikwenda kunyoa nikaiona, karatasi nne zimejaa. Sikusoma majina. Kinyozi alinizungusha kiti nitazame mlangoni, nikamshukuru moyoni. Tangu siku hiyo mtu akipita akanisalimia nahisi kama ananipima na yeye kwa utepe.

Mama Mkunga anapita kila asubuhi kama kawaida kwenda kuonana na wenzake wa zahanati, ingawa amestaafu siku nyingi. Zamani akifika getini alikuwa ananiita mwanangu. Siku hizi ananisalimia tu anapita. Labda uzee.

Wifi yako anasema wewe ungekuwepo ungekwenda kusoma yale majina yote kwa sauti. Nikamwambia ndiyo maana hayupo.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Nimesimama mbele ya kamati jana. Sijui nianzie wapi.

Kipaza alizungumza kwanza, robo saa nzima juu ya uchochoro wetu kana kwamba ni mto aliouumba Mungu. Nilipopewa nafasi sikusoma hotuba niliyoandaa. Niliwaeleza habari za Baba. Niliwaambia juu ya kigoda, gazeti na tarehe za penseli. Nikawaambia kwamba njia hii haijawahi kukaa miaka saba bila kufungwa, haijawahi kukaa hata miaka miwili, kwa sababu baada ya Baba kufariki mdogo wangu ameendelea kuifunga kila 11 Juni mpaka leo. Nikasema, huyo seremala ndiye mnayetaka kumvunjia ukuta kwa sababu ya ukarimu wa baba yake.

Mwenyekiti, mama mtu mzima asiyecheka, aliandika muda mrefu. Wajumbe wawili walinifuata nje kunishika mkono. Miaka yote hii ya kuzomewa, jana kwa mara ya kwanza nilihisi nimesikika.

Kipaza ameomba ushahidi. Mwenyekiti amenipa wiki tatu. Mpate mpiga picha, mkwangue rangi, mpige nyuma ya geti, tarehe zote zionekane, za Baba na zako. Fanya upesi, nakuomba.

Wasalimu wote. Leo nina furaha hata na mkoromaji wangu.

Dada yako


17 Mei

Dada,

Sisi wazima. Naanza na hilo usije ukadhani kuna msiba.

Hakuna tarehe za kukwangua. Geti sikulipaka rangi tu. Kabla ya rangi nililipiga randa. Baba alinifundisha mwenyewe kwamba mbao kuukuu haipakwi rangi kabla ya kupigwa randa, rangi haitashika. Nikalilaza juu ya benchi lake nikalipiga pande zote mbili, safi kabisa. Nilipoona penseli imeanza kutoka na maranda nilikuwa nimeshafika katikati. Ningeacha hapo geti lingekuwa na bonde. Nikamaliza. Maranda wifi yako aliwashia moto.

Hata zingekuwepo zisingekusaidia, kwa sababu za kwangu hakuna. Sijafunga hata mara moja tangu Baba afariki, na Juni nane zimeshapita. Mwaka ule wa kwanza, 11 Juni, nilitoka asubuhi na kufuli mkononi. Nilipofika getini nikamkuta Mama Mkunga amemshika mwanamke mwenye uchungu, wanapita kwenda zahanati, mwanamke anaegemea ukuta wetu anapumua. Nikatia kufuli mfukoni. Nikajiambia nitafunga wakishapita, kisha nikaona haya. Mwaka wa pili nikajifanya nimesahau. Wa tatu sikuhitaji hata kujifanya.

Usiniulize kwa nini sikukuambia. Wewe uliandika "na zako baada yake" kana kwamba ni jambo la kumwagiza mtu chumvi. Wewe ulisimama mbele ya kamati ukasema ninafunga, lakini mimi sikukuambia ninafunga, Dada. Uliamua mwenyewe kwa sababu hotuba ilikuwa inapendeza. Huku hakuna kipaza sauti wala mwenyekiti. Huku kuna mimi na watu, na wote wananifahamu kama mtoto wa Mzee Kufuli. Nilitaka mwaka mmoja tu wasiniite hivyo. Waliacha kuniita, nikafurahi, kisha miaka ikaenda.

Na ule msalaba uko juu ya benchi, nafanya kazi mbele yake kila siku. Kwa hiyo usifikiri sioni nilichofanya.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja baadaye.

Nimeirudia barua yako ya Aprili. Ni kweli, uliapa kwa ajili ya Baba tu. Nilisoma nilichotaka kusoma. Lakini uliniona nakisoma hivyo ukanyamaza, na hilo nitachukua muda kulimeza.

Nilirudi kwenye kamati bila kuitwa. Nikaomba nafasi nikasema maneno yangu ya tarehe 8 hayakuwa kweli, geti halijafungwa miaka minane, nimekosea mimi. Kipaza alicheka kwa sauti ile unayoijua. Mwenyekiti aliniuliza ni kipi kingine nilichowaambia ambacho si kweli. Nikasema hakuna. Akaniangalia, akayakata kwa mstari aliyoyaandika siku ile kwenye daftari lake. Niliona kalamu inavyokwenda. Wale wawili walionishika mkono walitoka kwa mlango mwingine.

Ofisini wamenipa kazi ya kupanga maktaba. Usiulize zaidi.

Sasa nisikilize, maana hasira haitanizuia kusoma sheria. Pendekezo likipita litaanza 1 Julai, na miaka saba itahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Hata siku moja ndani yake inatosha. 11 Juni iko mbele yetu. Funga mageti yote mawili, jua likichomoza mpaka likizama, mbele ya watu, na mpiga picha awepo. Usimfungulie mtu. Atakayekuuliza mwambie ukweli kwamba ni kwako, na kesho yake utafungua.

Najua ninakuomba nini. Najua pia kwamba ni rahisi kuomba kutoka huku. Miaka minane ilikuwa na Juni nane, na mimi pia sikuja hata moja. Nilisema ni kazi. Haikuwa kazi, nilikuwa bado nimekununia tangu mazishi, na sasa sikumbuki vizuri tuligombea nini.

Barua ikikukuta mapema, nijibu. Ikichelewa, funga tu.

Dada yako


13 Juni

Dada,

Sisi wazima. Barua yako ilifika tarehe 10 saa nane mchana. Posta hawajawahi kuwahi namna ile, nikajua siponi.

Nilifunga. Geti la nyuma nililifunga kwa komeo na kamba juu yake kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukaa. La mbele nikatia kufuli, nikakaa na gazeti la juzi, nikasoma ukurasa mmoja siku nzima. Wifi yako alisimama nami saa ya kwanza, halafu akasema hawezi kuangalia, akaingia ndani. Mpiga picha alipiga tatu akaondoka haraka, na yeye ni wa mtaa huu huu.

Walikuja, Dada. Mwenye baiskeli ya maziwa alinitukana na kugeuza. Wanafunzi walisukuma geti wakidhani limekwama kwa mvua. Mwalimu mmoja aliniuliza kama kuna msiba. Kila aliyekuja nilimwambia kama ulivyosema, ni kwangu, kesho nafungua, na kila mara sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. Kinyozi alipita upande wa pili wa barabara na hakuangalia.

Saa tatu nikasikia fimbo ya Mama Mkunga. Anaigonga chini mara mbili kisha anapumzika, hutamkosea. Akagusa kufuli. Halafu akaniuliza ni tarehe ngapi leo. Nikamwambia.

"Kwa hiyo ni kwenu bado," akasema.

Nikamwambia ni kwetu, tangu lini pakawa si kwetu. Akasema kwamba mwaka ule Baba alipofariki aliingoja 11 Juni. Asubuhi ile alimtoa mgonjwa wake mapema makusudi, ili awahi kupita kabla sijafunga. Aliporudi jioni akakuta wazi. Mwaka wa pili wazi. Ndipo watu wakaelewana, bila mtu kusema, kwamba watoto wa Mzee Kufuli wameuza, na mimi nimebaki kama mpangaji kwenye karakana ya baba yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza.

"Ningekuuliza vipi? Mtu amepoteza kwao, umfuate ukamuulize?"

Dada, miaka minane walikuwa wananihurumia. Nilidhani wamenipenda kwa sababu nimeacha wazi.

Akaniambia kwamba kwenye karatasi ya Kipaza jina la kwanza ni lake. Aliweka sahihi kwa sababu kama ni mali ya tajiri asiyejulikana, basi heri iwe ya wote. Nilisimama nikashika kufuli nimfungulie, maana jua lilikuwa limeshapanda na kuzunguka kwa barabara kuu ni mwendo, na miguu yake unaijua. Akagonga geti kwa fimbo.

"Usifungue. Ukinifungulia mimi, utakuwa umefunga nini?"

Akaenda. Nikaisikiliza ile fimbo mpaka kona, mara mbili na kupumzika. Nililia, nakuambia ukweli, gazeti likalowa.

Jua lilipozama nikafungua. Nilichukua penseli nikaandike nyuma ya geti, ikateleza, rangi ya mafuta haishiki penseli. Nikaleta patasi ndogo ya Baba nikaichonga tarehe kwenye mbao yenyewe. Safari hii hata randa haitaitoa kirahisi. Picha yake imo humu ndani, mpelekee mwenyekiti, aamini asiamini.

Jana nilikwenda kwa kinyozi makusudi, nikasoma yale majina yote. La kwanza limekatwa kwa mstari mnene. Chini yake yamekatwa mengine kumi na mawili. Yaliyobaki ni zaidi ya mia, na kamati sijui itasema nini, na msalaba bado uko juu ya benchi. Usiniambie tutashinda. Niambie tu ukijua.

Kigoda chako kiko kule nyuma ulikokiacha. Mguu mmoja unacheza. Sijaukaza, kwa sababu sijui siku hizi una uzito gani, na kipimo hicho sikichukui kwa barua.

Mdogo wako